Uji wa Watoto Wetu Upimwe Hapa Hapa Kwale

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inamtaka kila mwenye kiwanda cha unga wa mahindi au wa ngano wa pakiti autie vitamini na madini kabla hajaupeleka dukani. Ni sheria nzuri. Chumvi ilitangulia: madini ya ayodini yalifanywa ya lazima mwaka 1978, na vijana wengi wa leo hawajawahi kumwona mtu mwenye uvimbe wa tezi shingoni.

Mimi lakini nina mashine ya posho kando ya barabara ya Lunga Lunga, upande wa Msambweni, na sheria hiyo haifiki mlangoni kwangu. Mteja huja na mahindi yake ya shambani au ya kununua, nikayapima kwenye mizani, nikamsagia, akanilipa kwa kilo. Siongezi kitu. Ninachopunguza ni pumba tu, tena kwa anayetaka kukobolewa. Unga huo ndio ugali wa nyumba na ndio uji wa mtoto wa miezi saba. Kabla ya mashine nilifundisha sayansi shule ya msingi miaka mingi, na nimestaafu kazi bila kustaafu maswali.

Swali linalonisumbua linatokana na ninayoyaona yakimiminwa kwenye mashine. Siku hizi uji wa mtoto una viungo vingi kuliko pilau. Mama huja na mahindi, mtama, wimbi, mchele, soya, njugu, mbegu za maboga, muhogo mkavu na dagaa, vyote ndani ya ndoo moja, aniambie: "Mzee, nisagie vyote pamoja, nimeambiwa vinaongeza damu." Nikimuuliza ni nani aliyemwambia, ni jirani, au ni maandishi ya kwenye pakiti ya unga aliyoiona Ukunda. Pakiti hizo huahidi kila kitu: damu, nguvu, akili, urefu. Haziandiki ni watoto gani waliokula unga huo, walikula kwa muda gani, na ni nani aliyewapima kabla na baada.

Siwalaumu kina mama. Wanahangaika kwa sababu wanaona tatizo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta watoto karibu 3 kati ya 10 wa Kwale walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Ule wa 2022 umeonyesha nchi nzima imeshuka hadi asilimia 18 kutoka 26, jambo la kushukuru, lakini jirani zetu wa Kilifi walikutwa na asilimia 37, juu kuliko kaunti zote za Kenya. Mtoto hadumai kwa siku moja. Hupungukiwa kidogo kidogo tangu tumboni mpaka miaka miwili, na baada ya hapo urefu uliopotea ni vigumu kuurudisha.

Basi hoja yangu ni hii. Chakula chochote cha nyongeza kinachotolewa kwa mtoto wa Kwale, kiwe kimetoka kiwandani, kwenye mradi wa wafadhili au kwa mwenye pakiti wa Ukunda, kijaribiwe kwanza kwa watoto wanaoishi kama wanavyoishi wetu, na majibu yaletwe kwa wazazi wao kwa lugha wanayoielewa. Anayesema hakuna haja ya kupima kitu kizuri hajasikia habari ya Pemba.

Kisiwani Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Kila mtu aliamini ni jambo la heri, kwani upungufu wa damu ulikuwa umejaa na dawa yake inajulikana. Watoto zaidi ya 24,000 waliingia katika utafiti huo. Wengine walipewa chuma, wengine kidonge kinachofanana nacho kisicho na chuma, na waliogawa hawakujua nani kapata kipi. Agosti 2003 kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu iliamuru utoaji wa chuma usimamishwe. Matokeo yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 12 ya kuugua sana hadi kulazwa, au kufa. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi. Jaribio kama hilo hilo lilifanywa Nepal, kwenye nyanda zisizosumbuliwa na malaria kiasi hicho, na madhara hayo hayakuonekana.

Kidonge kilikuwa kimoja, majibu yakawa mawili. Kama tungetegemea ya Nepal peke yake, tungewagawia watoto wa pwani hii vidonge hivyo tukiamini tunawasaidia. Ndani ya utafiti huo huo wa Pemba kulikuwa na kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni, na watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walifaidika nacho. Kwa hiyo chuma chenyewe hakikuwa sumu. Madhara yalitokana na kumpa kila mtoto bila kumpima, mahali penye malaria.

Sasa turudi kwetu, maana Kwale nayo imo katika vitabu vya sayansi ya lishe duniani, na wengi wetu hatuna habari. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Kenya, wamefanya kazi miaka mingi upande huu wa kusini, ikiwemo Kikoneni. Walichojaribu ni unga wa virutubisho, ile pakiti ndogo ambayo mama huinyunyizia kwenye uji wa mahindi ukishaiva. Uji ni ule ule wetu wa mahindi ya kusaga, ndiyo maana nikaufuatilia.

Katika jaribio mojawapo, matokeo yake yakatoka mwaka 2015, watoto 287 walianza wakiwa na miezi sita na wakafuatwa kwa mwaka mzima. Baadhi walitiliwa chuma kidogo, miligramu 2.5 kwa siku, katika aina isiyozuiwa kirahisi na maganda ya nafaka. Mwisho wa mwaka upungufu wa damu haukupungua, lakini watoto wa kundi la chuma waliongezeka uzito zaidi. Haya si majibu ambayo mwenye pakiti wa Ukunda angeyaandika kwenye karatasi yake. Mimi nayaamini zaidi kwa sababu hiyo: aliyepima alisema alichokikuta, hata pale ambapo hakikuwa alichokitaka.

Mwaka huo huo jarida la Gut lilitoa matokeo ya watoto 115 waliotazamwa kwa undani zaidi, mpaka kinyesi chao. Waliokula uji wenye chuma kwa miezi minne walipungukiwa na vijidudu vyema vya utumboni, vile viitwavyo bifidobakteria ambavyo maziwa ya mama huvilea, na wakaongezeka vijidudu vya aina ya wale wanaoleta kuhara. Utumbo wao ulionyesha dalili za uvimbe. Pale kipimo cha chuma kilipokuwa miligramu 12.5, ambacho ndicho kilichokuwa cha kawaida katika pakiti zinazogawiwa nchi nyingi, asilimia 27 ya watoto walihitaji kutibiwa kuhara, ikilinganishwa na asilimia 8 ya wale ambao unga wao haukuwa na chuma. Watoto walikuwa wachache, kwa hiyo tarakimu hizo za kuhara zenyewe hazitoshi kuwa hukumu ya mwisho, lakini zilitosha kuwaamsha wataalamu.

Sababu yake mwalimu wa sayansi anaweza kuieleza ubaoni. Mtoto mchanga hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma kilichomo kwenye uji wa mahindi, kwani pumba za nafaka hukishika. Kinachobaki huteremka hadi utumbo mpana, na huko kuna vijidudu vinavyokipenda chuma kuliko mtoto mwenyewe. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, tena yana protini inayokificha kisiwafikie vijidudu hao. Katika nyumba yenye maji safi na choo kizuri, vijidudu vibaya vinavyomfikia mtoto ni vichache, na chuma kilichozidi hakimdhuru sana. Kwetu, mtoto anapotambaa uwanjani pamoja na kuku na mbuzi, hali ni nyingine. Hili halikuweza kugunduliwa Zurich. Ilibidi ligunduliwe kwa mtoto wa Kwale.

Wangeishia hapo, tungesema chuma kiondolewe kabisa. Hawakuishia. Walirudi na swali lingine: je, tukipunguza chuma kiwe miligramu 5, na tukamtilia mtoto pia aina ya sukari itokanayo na maziwa, ambayo mtoto mwenyewe haimeng'enyi bali huwalisha wale vijidudu wema? Kikoneni watoto 155 waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walipewa unga usio na chuma, wa pili wenye chuma, wa tatu wenye chuma na sukari hiyo. Majibu ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba sukari hiyo ilizuia sehemu kubwa ya madhara utumboni, na watoto wakapata faida ya chuma katika damu yao. Jaribio jingine la hapa Kwale lilionyesha kwamba inamsaidia mtoto kufyonza chuma zaidi. Mwaka 2020 ikachapishwa habari nyingine ya watoto wa Kenya: waliopewa chuma wakati wa kuchanjwa surua, miili yao iliitikia chanjo vizuri zaidi, na katika kundi jingine watoto wenye upungufu wa damu uliotokana na kukosa chuma waliitikia baadhi ya chanjo kwa udhaifu.

Tazama mwendo huo. Kwanza chuma kilionekana kina hatari, kisha ikajulikana ni kwa nini, kisha ikatafutwa njia ya kukitumia bila hatari, kisha ikaonekana kukikosa nako ni hatari. Ndiyo maana nashangaa mtu anaposimama barazani kusema "unga huu ni mzuri" au "unga huu ni mbaya" akanyamaza hapo. Kipimo ni kiasi gani? Cha aina gani? Kwa mtoto wa umri gani? Ana chandarua? Shirika la Afya Duniani lenyewe sasa linasema kwamba kwenye malaria, chuma kiandamane na kinga na matibabu ya malaria. Anayegawa pakiti bila kuuliza habari ya chandarua ameisoma nusu ya karatasi.

Wapo watakaosema tuachane na pakiti, turudi kwenye chakula chetu cha asili: mchicha, mnavu, mtsunga, kunde, pojo, samaki, mayai. Mimi ni wa kwanza kuunga mkono. Mtoto wa Vanga au Gazi anayepondewa samaki na tui la nazi ana sahani nzuri kuliko pakiti yoyote. Lakini chakula cha asili nacho kinastahili kupimwa, na kimepimwa. Hapa Kenya, kati ya 1998 na 2000, shule 12 za Embu ziligawanywa kwa kura. Baadhi ya watoto walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Waliopata nyama ndio waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiri. Maziwa yaliwasaidia kurefuka wale waliokuwa wadogo na wafupi.

Habari ya yai inafundisha zaidi. Nchini Ecuador watoto walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo ya mwaka 2017 yalisema udumavu ulipungua kwa asilimia 47 kuliko kwa wasiopewa. Dunia ikashangilia yai. Watafiti wakalipeleka Mangochi, Malawi, kando ya ziwa, wakafanya vivyo hivyo, na urefu wa watoto haukubadilika. Walipotazama wakakuta watoto wengi wa Mangochi wanakula samaki tayari, na udumavu wao haukuwa mkubwa kama wa Ecuador. Kwale tuna Mangochi yetu na Ecuador yetu ndani ya kaunti moja. Shimoni na Vanga wana bahari. Kinango, bara kavu, hawana, na mvua ikikosekana hawana hata mahindi. Mradi wa lishe unaoandikwa "Kwale" kwa neno moja, ukawapa watu wa Shimoni na wa Kinango kitu kile kile, haujafika Kwale.

Tusidanganyane pia juu ya ukubwa wa faida. Magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, wanawake wajawazito zaidi ya 8,000 waliandikishwa katika utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalitoka 2018. Baadhi ya watoto wao walipewa kila siku siagi ya virutubisho yenye njugu na maziwa, pamoja na ushauri wa lishe. Wengine waliboreshewa maji, vyoo na kunawa mikono. Wengine vyote. Kufikia miaka miwili waliopewa virutubisho walikuwa warefu kidogo kuliko wenzao, kwa wastani chini ya nusu sentimita. Waliopewa maji na vyoo peke yake hawakurefuka zaidi. Majaribio 14 ya namna hiyo yalipounganishwa mwaka 2021, yakiwa na watoto zaidi ya 37,000, yalionyesha udumavu unapungua kwa takribani asilimia 12. Ni faida ya kweli na ni faida ndogo. Mtoto mmoja kati ya wengi huvuka mstari. Mwenye kuahidi kwamba pakiti yake itamfanya kila mtoto awe mrefu anauza ndoto, na mwenye kuidharau faida hiyo hajawahi kuwa mzazi wa huyo mmoja.

Najua neno "utafiti" linavyopokewa vijijini. Likitajwa, wazee hutazamana, na swali la kwanza huwa ni la damu: inatolewa kiasi gani, inapelekwa wapi, inafanyiwa nini. Swali hilo si ujinga, ingawa wapo wanaolichukulia hivyo. Mzazi anayemshika mtoto wake huku akitobolewa kidole ana haki ya kujibiwa mpaka aridhike. Sheria iko upande wake. Utafiti wowote wa binadamu nchini lazima upate idhini ya kamati ya maadili na kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Mzazi lazima aelezwe kwa lugha anayoifahamu kabla ya kutia sahihi au dole gumba, na ana ruhusa ya kujitoa siku yoyote bila mtoto wake kunyimwa matibabu. Mzazi asiyeelezwa haya hajaombwa ridhaa, ametegwa.

Anayeogopa kura, ile ya kugawa watoto makundi, namwelewa pia. Inaumiza kusikia kwamba mtoto wako huenda amewekwa kwenye kundi lisilopata chuma. Lakini kumbuka Pemba. Kundi lisilopewa ndilo lililotuonyesha kwamba waliopewa wanaumia. Bila watoto wa kulinganisha, kila mtoto aliyelazwa angeandikiwa malaria kitabuni, na vidonge vingeendelea kugawiwa hadi leo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja na mizani, barafu za kuhifadhia damu na madaftari. Mwenyeji apone vipi, ikiwa majibu yanaandikwa kwa Kiingereza kizito kwenye majarida ya Ulaya? Kina mama wanaoleta mahindi kwangu wanazungumza Kidigo, Kiduruma na Kiswahili. Wengi wao wamezaa na kulea katika vijiji vilivyowapa wanasayansi majibu yanayosomwa leo Geneva na Washington. Ukiwauliza miligramu ngapi za chuma zinamfaa mtoto wa mahali hapa, watakuambia wamesikia redioni unga wa mchanganyiko ni mzuri.

Ndipo ninapoigeukia serikali ya kaunti, kwa sababu afya ni kazi yake tangu ugatuzi wa 2013. Inayo njia tayari. Wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba, na tangu 2023 wana mikoba na simu. Kliniki zina kuta. Machifu wana mabaraza. Redio zetu za Kimijikenda hazikosi wasikilizaji. Kila utafiti wa lishe unaofanyika Kwale upewe sharti moja la ziada: kabla watafiti hawajafunga virago, majibu yaandikwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yasomwe kwa Kidigo na Kiduruma barazani, na yabandikwe kwenye kituo cha afya kilichohusika. Yawe mazuri au mabaya. Hilo halihitaji bajeti ya kusumbua mtu.

Sharti la pili ni kwa anayegawa. Mradi wowote unaoleta unga, siagi ya njugu au biskuti za watoto uulizwe mezani, kabla lori halijashusha mzigo: ulijaribiwa wapi, kwa watoto wangapi, kukiwa na malaria au bila, na una chuma kiasi gani. Akijibu kwamba ulijaribiwa nchi ya mbali yenye hali tofauti, tumwambie aanze na kikundi kidogo hapa, kwa uangalizi, ndipo asambaze. Na mwenye pakiti wa Ukunda naye afuatwe. Soya yake imekaangwa vizuri? Njugu zake zimekauka, hazina kuvu? Mwaka 2004 sumu ya kuvu ya mahindi iliua watu 125 Ukambani, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mchanganyiko wa vitu tisa unazidisha nafasi za kitu kimoja kuwa kibovu. Alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ndiyo iwe ya kwanza kutazamwa na mama, kabla ya picha ya mtoto mnene.

Sharti la tatu ni kwa sisi wenye mashine za posho. Katika nchi jirani ya Tanzania, shirika la Sanku limebuni kifaa kinachofungwa kwenye mashine ndogo na kudondosha virutubisho kwa kipimo unga unapopita. Ni wazo zuri kwa anayesaga magunia na kuuza unga wake. Kwa msagaji wa aina yangu kuna maswali. Nasaga debe la mahindi la huyu, nikimaliza naweka muhogo mkavu wa yule, kisha mtama wa watu watatu. Nani atalipia hicho kirutubisho, wakati mteja wangu huhesabu shilingi za kusagiwa? Mahindi yaliyokobolewa na yasiyokobolewa yatiliwe kiasi kile kile? Na mtoto wa miezi minane anakula vijiko vichache tu vya uji, kwa hiyo kipimo kinachomfaa baba yake mezani hakimtoshi yeye. Haya nayo hayajibiwi ofisini. Yajaribiwe kwenye mashine halisi yenye foleni ya wateja halisi. Watafiti wakitaka, yangu iko wazi, na sitawatoza kodi.

Mpaka hapo, mzazi wa Kwale, usisubiri. Mnyonyeshe mtoto maziwa matupu hadi miezi sita, na uendelee kumnyonyesha akianza uji. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, usiwe maji, na uandamane na samaki, yai, kunde au njugu safi kila inapowezekana. Mlaze ndani ya chandarua. Mpeleke akapate matone ya vitamini A kila miezi sita, na dawa ya minyoo akifika umri wake. Mpeleke kliniki apimwe urefu pia, si uzito peke yake, na uombe uonyeshwe mstari wake kwenye kitabu.

Na wakija watafiti mlangoni, usiwafukuze na usiwakubalie kwa haya. Waulize wanataka kumpa mtoto nini na kiasi gani. Waulize nani atamtibu akipata madhara, na damu yake itapelekwa wapi. Waulize ni siku gani watarudi kijijini kukueleza walichokikuta. Wakijibu yote, tia sahihi, maana jibu litakalomlinda mjukuu wako litapatikana kwa njia hiyo tu. Wakishindwa na hata moja, warudishie kalamu yao.